Oboth Amenichukulia Dawa

Jumanne, 7 Machi 1967. Busia.

Mke wangu Felistus bado yuko kwao Masafu. Sharti lake ni lilelile: niende kwa yule daktari wa Tororo anayetibu watu kwa kuongea, niongee naye ukweli, ndipo atarudi. Anataka Pasaka itukute pamoja, lakini anataka mume anayesema yaliyo moyoni, si huyu anayenuna wiki nzima halafu anadai hana kitu. Mimi! Fundi cherehani anayepiga soga na wateja kutwa!

Basi nimekwenda. Daktari Ofwono ni kijana wa hukohuko, kasomea ng'ambo. Chumba kina viti viwili tu. Kitanda hakuna. Sindano hakuna. Nikafungua mkanda wa suruali, nikageuka, nikangoja. Akaniomba nikae. Akauliza nini kimenileta. Nikamwambia ni basi la abiria. Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Tukakaa hivyo mpaka saa yangu ikaisha. Nilimshinda!

Akiniaga akasema nirudi kila Jumanne, ya humu ndani hayatoki nje, na huenda siku nyingine nikatoka na moyo mzito kuliko nilioingia nao. Jamani! Hospitali gani hiyo ya kukuongezea ugonjwa?

Jumatatu, 13 Machi.

Nimepata akili. Mtu akiugua si hutuma jirani amchukulie dawa? Kesho namtuma Oboth, anayebeba abiria kwa baiskeli hapa mpakani. Kwao ni Kirewa, upande huohuo wa Tororo, ataelewana na daktari kwa lugha yao. Nimemfundisha vizuri: mgonjwa halali, mke kaondoka, mgonjwa hana kosa. Aniletee maneno ya daktari, mimi nitamwambia Felistus kama yangu. Rahisi kama kushona kifungo.

Jumanne, 14 Machi.

Oboth amerudi jioni, macho mekundu. Nikamwuliza dawa yangu iko wapi. Akasema daktari amekataa, matibabu haya hayatumwi mtu, na habari zangu hakutaja hata moja. Ila alimwuliza yeye mwenyewe, Oboth, hali yake. Basi Oboth akaanza kulia, akalia mpaka mwisho, kwa ajili ya ndugu yake aliyekosana naye tangu msiba wa baba yao. Kwa saa yangu! Nikataka kujua daktari alimjibu nini. Akasema kwa Kiswahili chake cha Kirewa: "Maneno ingine ilibaki kule, bwana."

Mwizi.

Ijumaa, 17 Machi.

Oboth amepatana na ndugu yake. Analala fofofo. Anapiga mluzi akipita mbele ya cherehani yangu. Mkewe, Athieno, ameniletea mkungu wa ndizi kunishukuru. Nimezila zote kwa hasira. Uponyaji wangu huo, unazunguka mjini na baiskeli ya mtu mwingine!

Jumanne, 21 Machi.

Nimekwenda kudai haki. Nikamwambia daktari zamu ile ilikuwa yangu. Hakukasirika. Akauliza najisikiaje kumwona mwenzangu amepona. Nikafungua mdomo nimtukane Oboth, likatoka jingine kabisa: kwamba naogopa. Kwamba nyumba imekuwa kimya, kwamba bado nasonga ugali wa watu wawili, kwamba Felistus hatarudi na kosa ni langu. Nikalia. Mtu mzima! Kamasi mpaka kwenye tai. Daktari akasema sasa tumeanza.

Nimetoka na moyo mzito kweli. Halafu kwenye basi nikapata usingizi mtamu, kondakta ndiye aliyeniamsha.

Jumamosi, 25 Machi. Kesho Pasaka.

Felistus amekuja! Na kuku, na kikapu cha nguo! Athieno alimkuta sokoni, akamwambia watu wameniona nikishuka basi la Tororo macho yamevimba. Felistus alikuwa anatabasamu. Hata kitambaa cha kichwa hakukivua. Akaketi, akanishika mkono, akaniomba kitu kimoja tu: nimwambie nililia nini.

Neno lilikuwa palepale, kwenye ncha ya ulimi. Nikasema moshi.

Akauliza moshi gani ndani ya basi. Nikasema wa kiko cha abiria mmoja. Akaniangalia weee. Kisha akainuka, akachukua kikapu chake. Kuku naye amerudi Masafu.

Jumatatu ya Pasaka, 27 Machi.

Inaniuma. Nampenda Felistus, jamani, nampenda mno. Jana kanisani sikusikia hata mahubiri, nilikuwa nawaza, na kosa nimeliona: nilijitia kufanya mwenyewe kazi nisiyoizoea. Machozi na mie wapi na wapi! Mwenye kipaji cha kulia ni Oboth. Nimemwita, nimemsamehe, nimempigia shati pasi. Kesho alfajiri anakwenda Masafu, aketi mbele ya Felistus, amwambie jinsi ninavyompenda, kisha alie.

Nimemwonya asije akalia ya ndugu yake. Alie yangu.