Seva Inayomwamini Kila Mtu

Jumatatu, 3 Machi
Bosi Tihomir ametangaza: Ijumaa ofisi nzima itacheza mchezo wetu wa vita wa kompyuta, kisha atamtaja mkuu wa timu ya mtandao. Ni mimi au Ljubinka. Yaani ni mimi.

Jumanne, 4 Machi
Vipokezi vyangu tayari! Mchezaji akibonyeza, kompyuta yake inatuma amri. Kipokezi kwenye seva, kompyuta kuu ya mchezo, kinaipokea na kuitekeleza. Basi. Ljubinka anang'ang'ania seva ikague kwanza amri imetoka kwa nani. Maswali kama ya askari wa mpakani! Nimefuta ukaguzi wote. Mchezo unakwenda kasi ajabu. Tena nimejiwekea kitufe cha siri: nikikibonyeza, inakwenda amri kwamba mimi, Radivoje, nipewe taji, na seva inatii. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nina upara, lakini methali haijui kila kitu.

Alhamisi, 6 Machi
Ljubinka kasoma msimbo wangu, katabasamu, kaenda kunywa kahawa. Wivu!
Nimeagiza burek, ule mkate wa matabaka wa nyama, na mtindi kwa ofisi nzima. Hapa mjini Niš aliyepata neema ndiye anayelisha wenzake. Sijaipata bado, lakini mwokaji anataka oda mapema.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu tupu. Kabla sijagusa kitufe, shujaa wangu mchezoni alitupa upanga. Akavua deraya. Akaanza kucheza ngoma ya kolo, chupi nje, mbele ya shujaa wa bosi! Nikabonyeza kila kitu. Wapi! Nikaapa kwamba si mimi. Ljubinka hata hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake.

"Seva imeambiwa ni wewe, ikaamini. Si ndivyo ulivyoiandika, kaka?"

Bosi alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akamtaja Ljubinka. Hapohapo burek ikafika, moto. Wote wakampongeza kwa burek yangu. Mimi nikapata ukingo uliokauka. Iliniuma sana.

Jumatatu, 10 Machi
Mkuu wangu mpya kanipa adhabu: niandike ukaguzi kwenye vipokezi vyote. Nimekubali kwa unyenyekevu, hata nikamwomba radhi. Mchana kutwa nimeandika. Sasa seva inamhoji kila anayetuma amri: wewe nani, una haki gani, shujaa huyu ni wako? Haimwamini bosi. Haimwamini Ljubinka. Kazi safi, Ljubinka mwenyewe kasifu.
Inamwamini Radivoje peke yake. Ijumaa tunacheza tena.