Sabuni ya Daktari Felisiani

Mwaka ule wakimbizi walipofurika Ngara, kuhara damu nako kukapiga kambi, na wazee ndio waliokamatwa mapema. Kambini watu waligawiwa sabuni. Wenyeji wa Kasulo, kijiji jirani, waligawiwa ushauri.

Felisiani, mtoto wa mjini Biharamulo asiyejua jembe wala mwiko, akaona nafasi yake. Pale Lusahunga alipata katoni ya sabuni ya kambini kwa dereva wa lori, bila maswali mengi. Akaazima koti jeupe la kinyozi, akapanda baiskeli, akashuka Kasulo akiwa daktari.

Jumapili baada ya misa akawakusanya wazee uani kwa Bibi Speciosa. Mumewe, Mzee Thobias, alikuwa ndani kitandani, amekongoroka kwa kuhara, na bibi alikuwa na hofu kweli.

"Shikamooni wazee wangu! Ugonjwa umo mikononi. Mnanawa beseni moja, mkubwa kwanza, na wa mwisho ananawa uchafu wa ukoo mzima!"

Hapo alisema kweli, maskini, ilimtoka kwa bahati mbaya.

"Kipande kimoja, kuku mmoja. Na mafunzo juu."

"Mtu anawe kwa muda gani, daktari?" Speciosa akauliza, kuku wa wazee wakiwa wameshafungwa kando.

Felisiani akawaza haraka: wakinawa sana, sabuni itaisha upesi, na kuku watazidi kuja.

"Kwa muda wa sala. Tena ile ndefu kuliko zote."

"Rozari!" wazee wakasema. "Hebu tuonyeshe."

Felisiani hakuwa amekanyaga kanisani tangu abatizwe; alidhani rozari ni shanga za kuvaa. Akapiga magoti mbele ya beseni, akajipaka sabuni, akafumba macho kwa uchaji mkubwa. Speciosa akaanzisha, wazee wakaitikia. Tendo la kwanza la rozari likapita, la pili likaja. Felisiani akachungulia.

"Daktari, umeharibu," Speciosa akamkemea. "Tunaanza upya."

Kufika tendo la nne waitikiaji walikuwa wawili. Kwenye litania alibaki Speciosa peke yake, na magoti ya daktari yalikuwa yanawaka moto.

Alipofumbua macho, katoni ilikuwa tupu, na kuku walikuwa wamerudi kwao pamoja na wenyewe.

"Wezi! Sabuni yangu!"

Mara akaingia Malongo, mgambo wa kijiji. "Nasikia kuna mtu anauza sabuni ya kambini. Nimetumwa nimkamate."

"Labda kwingine, mwanangu," Speciosa akasema kwa upole. "Huyu ametugawia bure. Si ndivyo, daktari?"

Povu lilikuwa linamdondoka viwikoni. "Bure kabisa," akasema Felisiani.

"Mungu akubariki! Mama yangu yuko Kibimba, naye ni mzee. Twende sasa hivi ukamgawie na yeye." Malongo alikuwa ameshaishika baiskeli.

Walipotoweka, Speciosa akaingia ndani na sabuni na jagi. Safari hii hakuweka beseni la watu wote. Alimmiminia mumewe maji safi mikononi.

"Speciosa," mzee akauliza kwa sauti dhaifu, "na mimi ni rozari nzima?"

"Wewe mgonjwa. Baba Yetu moja inakutosha."