Maoni Kumi na Moja ya Fundi Rangi

JUMATATU, 3 Machi
Siku kubwa kwa kamati yetu ya viwango, ingawa wenyewe hawajui. Maoni mia mbili na kumi na nne juu ya rasimu ya kiwango cha ngazi za mbao! Na katibu ni mmoja tu: mimi. Mke wangu akauliza kwa nini nisikae chini niyasome. Nikamwambia kusoma ni kazi ya watu wasio na mbinu. Mbinu ninayo: maoni yoyote yasiyojibiwa mpaka Ijumaa saa sita yatahesabiwa yamekubaliwa. Milimita, ndivyo tunavyomwita mhandisi wetu, atatoka jasho. Mwenyekiti kapitisha. Nikawagawia wenzangu maoni. Yaliyoandikwa kwa mkono nimebaki nayo mwenyewe, maana ni machache.

JUMATANO, 5 Machi
Milimita kamaliza yake yote. Yote! Tena kwa wino wa rangi tatu. Akapita mezani kwangu kuuliza nimefika wapi. Nikasema niko pazuri. Nimeshinda nikichora jedwali jipya la majibu. Limependeza kweli.

IJUMAA, 7 Machi
Maskini mimi! Saa sita na dakika tano ndipo nikakumbuka bahasha ya yale maoni ya mkono. Maoni kumi na moja, yote ya mtu mmoja, fundi rangi mstaafu. Sikujibu hata moja, kwa hiyo yamekubaliwa. Milimita akataka yasomwe mbele ya kikao, na msomaji niwe mimi. Nikajua nimekwisha.

Nikasoma. La tisa lilisema ngazi ndefu lazima ishikwe na mtu chini, na mtu huyo asiondoke hata akiitwa. Fundi aliandika kwamba mkewe alimshikia ngazi miaka thelathini. Wiki aliyolazwa mama huyo hospitalini, yeye alipanda peke yake, akaanguka, na mguu haukupona sawasawa. Akaongeza kwamba hii ni mara ya nne anaandika, na mara tatu amejibiwa neno moja: "Imezingatiwa." Majibu yale yana saini yangu. Milimita akavua miwani akaifuta, akaifuta tena. Hakuna aliyepinga.

JUMANNE, 11 Machi
Fundi kaja mwenyewe na mkongojo wake, kavaa shati la kutokea, kuona kifungu chake. Akauliza ni nani aliyeisoma barua yake. Wote wakanitazama mimi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita mwanangu, akasema marehemu mkewe angefurahi sana. Niliona haya mpaka machozi yakanilengalenga. Akaondoka na nakala ya rasimu. Ataipitia taratibu, na akiona kasoro ataandika kabla haijachapwa. Nimeapa: kuanzia leo nasoma kila herufi.

ALHAMISI, 13 Machi
Barua ya fundi imefika. Nene! Juu ya bahasha kaandika HARAKA, akapigia mstari mara mbili. Ana haraka ya kushukuru, mzee wa watu! Mke wangu akasema nifungue. Nikamweleza kwamba shukrani ya moyoni haichanwi ovyo. Nimeitia kwenye fremu ya kioo kama ilivyo, nikaitundika juu ya meza yangu ofisi nzima iione. Milimita anaitazama kwa wivu. Kiwango kinakwenda kuchapwa kesho saa tatu asubuhi.