Korosho Moja kwa Kila Shambulizi

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo nimemfungua macho Kocha Veridiana. Timu ya kikapu ya chuo haipimwi kwa kushinda na kufungwa. Inapimwa kwa ufanisi! Sisi tunapata pointi ngapi kila tukishambulia, na wapinzani wanapata ngapi kila wakishambulia. Selestini, msaidizi wake, alicheka mpaka filimbi ikamdondoka. Eti kikapu kinatazamwa kwa macho tu. Macho! Kocha akatoa sharti: nikibashiri sawasawa mechi ya Jumamosi na wenzetu wa Newala, nafasi ya msaidizi ni yangu, pamoja na traksuti. Nikikosea, nitafua jezi muhula mzima. Nilikubali kabla hajamaliza. Traksuti ile naitaka jamani.

Jumatano, 9 Oktoba

Mechi ya kirafiki na vijana wa Nanganga. Kalamu inachelewesha, kwa hiyo nimebuni mbinu. Sisi tukishambulia, naweka korosho moja kwenye sahani. Wao wakishambulia, punje ya mahindi kwenye kopo. Korosho zenyewe kaniletea mama kutoka Lupaso, zimekaangwa zikakaangika. Mama Queen, mpishi wetu, akaja kukaa kando yangu. Shikamoo, marahaba, kisha akaitazama sahani. Mtu aliyelelewa hawezi kukaa na chakula akanyamaza. Nikamwambia karibu. Baada ya hapo macho yangu yote uwanjani.

Tumefungwa 44 kwa 50, lakini hilo ni jambo dogo. Punje 70, korosho 22. Pointi mbili kwa kila shambulizi! Wao hata moja haifiki. Tunashambulia mara chache, kama chui. Leo silali kwa furaha.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimebandika ubashiri ubaoni: tutashinda kwa pointi arobaini. Selestini anauliza inawezekanaje wao washambulie mara 70 na sisi 22, wakati mpira ni mmoja. Wivu mtupu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Newala 68, sisi 31. Uwanja mzima uliimba, hata mimi nilijikuta naitikia kiitikio.

Kwenye basi wakati wa kurudi, Mama Queen akasimama kunishukuru mbele ya watu wote kwa korosho za Jumatano. Alikula kama hamsini hivi, na je, sina nyingine? Kocha alicheka mpaka machozi. Nami nikacheka, ningefanya nini? Selestini akanikabidhi sabuni kwa mikono miwili.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimefua jezi kumi na mbili, na nimegundua jambo kubwa! Ufanisi wa ulinzi umo kwenye maji ya kufulia. Maji ya jezi ya nahodha Sultani, karibu ya kunywa. Ya Emmanuel, tope! Huyo ndiye mlinzi. Ajabu ni kwamba jana hakucheza hata dakika moja, alishinda amekaa chini vumbini. Sasa akiingia je?

Nimemkimbilia Kocha: Emmanuel acheze mechi ijayo, tutashinda. Nikikosea, nafua jezi mwaka mzima, pamoja na mapazia ya bwalo. Amekubali hapo hapo, hata hakuuliza swali.

Ameanza kuniamini!