Habari za Kuchuchumaa Kwake Bawaba, na Kuinuka Kwake

Sogeeni, enyi wenye magoti mazima na enyi mliobakiwa na moja, tegeni masikio, kwani jambo hili halijapata kutokea tangu binadamu apewe miguu ya kukunja! Jirani yake Bawaba wa kitanda cha chini, yule msichana ambaye makuruta wote humwita Redio kwa kuwa hazimiki, huapa mpaka leo kwamba siku ile goti la Bawaba lililia kama mzinga, madirisha ya zahanati ya kambi yakatetemeka, na afande mmoja, mtu mzima na masharubu yake, akajitupa chini kifudifudi akidhani adui kaingia. Redio hutia chumvi hata kwenye chai. Afande aliinama kufunga kamba ya buti. Mengine ni kweli, na yalikuwa hivi.

Bawaba, binti wa chumba cha kushonea, malkia wa vifungo, bingwa wa kukaa, alikuwa hajapata kukimbia maishani mwake, hata kulikimbilia basi. Basi likimwacha, hulipungia mkono liende salama. Huyo ndiye aliyeingia jeshini, wakamkimbiza juu ya lami tangu alfajiri ya kwanza, begi la mchanga mgongoni, miguuni mabuti mapana kama mabeseni, aliyoyajaza magazeti ili yasimtangulie. Lami ikashambulia kutoka chini, begi likashambulia kutoka juu, mabuti yakakata njia ya kukimbilia, na ndani ya ngome mlikuwa na msaliti wa siku nyingi: goti lenyewe la kulia, aliloliangukia utotoni na ndoo ya maji. Likazingirwa, likapigwa, hata likawa linalia kwii kila akilikunja. Ndipo akaitwa Bawaba.

Basi ikapigwa mbiu kwamba nesi atakagua magoti ya makuruta wote. Bwenini wakanong'onezana: asiyeweza kuchuchumaa na kuinuka bila kushika ukuta, anarudishwa kwao. Kwao! Na kwao shangazi alikwisha weka cherehani pale palipokuwa na kitanda chake, akawatangazia majirani, "Wangu ni askari sasa, msimwite kwa mluzi."

"Shoga, ukikwama huko chini je?" Redio akamuuliza kwenye foleni.

"Nikikwama, mwambieni shangazi nilikwama nikitazama mbele."

"Nitamwambia ulikwama kama droo."

Redio akatangulia. Akachuchumaa, akaanguka chali, miguu juu kama meza iliyopinduliwa, akapelekwa benchini. Bawaba akamwangalia kwa huruma, kama aangaliwavyo marehemu.

"Njoo, mwanangu," akasema nesi, mama mfupi asiye na haraka. "Kabla ya kuja huku ulikuwa na mazoezi ya kukimbia?"

Bawaba akatoa kifua. "Afande! Mimi nilikimbia kabla sijatambaa! Mama yangu aliniogesha kwa kunifukuza!"

"Mabuti yanakutosha?"

"Yamenikaa kama ganda lilivyoikaa ndizi!"

Kipande cha gazeti kikachungulia kisiginoni kusikiliza uongo huo.

"Goti hujawahi kuliumiza?"

"Goti hili, afande, maumivu linayasikia kwa majirani tu."

"Haya. Chuchumaa."

Akashuka, enyi wasikilizaji, akashuka! Goti likalia kwii, naye akakohoa kulifunika. Akafika chini kabisa, huko ambako hakuna rafiki wala ndugu, jasho likamtiririka mpaka kwenye kope. Ukuta ulikuwa karibu, mweupe, mpole, ukimbembeleza: nishike, mwanangu, nani ataona? Hakuushika. Akaliamsha paja, akaihimiza nyonga, akaliomba hata tumbo, ambalo halikuwa na kazi hapo, lije lisaidie. Kisigino kikateleza ndani ya buti; akayumba kushoto, akayumba kulia; makuruta wakaacha kupumua. Goti likasema KA! Na Bawaba akawa wima.

"Chuma hicho!" wakapiga kelele. "Mtoto wa watu huyo!"

Na ikumbukwe kizazi hata kizazi, kwamba Jumanne moja, baada ya uji, mwana wa mtu alikwenda chini akarudi, na ukuta ukabaki na chokaa yake yote!

"Hongera, goti zima," akasema nesi, kisha akamgeukia yule afande wa masharubu. "Hawa wa benchini magoti yamechoka. Wapewe mabuti ya saizi yao. Kwa sasa wavae raba, na wiki hii watembee tu, polepole, wasibebe kitu. Wakipata nafuu wataendelea na wenzao."

"Harudi mtu nyumbani?" akauliza afande.

"Kwa goti? Tungebaki na nani?"

"Na hawa wazima?"

"Hao wako sawa. Wapande mlima na mabegi yao."

Benchini, Redio alikuwa amekwisha vua buti, akivichezesha vidole vya miguu hewani.

Shujaa akameza mate.

"Afande nesi," akasema, kwa sauti ambayo shangazi asingeijua, "naomba nichuchumae tena. Mara moja tu. Nahisi sikukosea vizuri."

Nesi alikuwa amekwisha mwita anayefuata.