Gia ya Shangazi Ilikuwa Inafanya Kazi

Jamani, leo nimejidhalilisha Makambako mchana kweupe, na sina wa kumsingizia.

Shangazi yangu hufuma masweta ya shule kwa mashine. Juzi gia ya mashine, ya nailoni, ikakatika meno. Jumatatu shule zinafunguliwa, na masweta kumi na nane bado ni uzi. Nikajitokeza: "Shangazi, nitakutengenezea." (Ufundi huu nimejifunza kwenye simu. Cheti sina.)

Nikayeyusha vipande vya nailoni nyumbani Njombe, nikamimina kwenye kalibu niliyochonga mwenyewe. Gia sita nilitupa, kila moja ina kasoro niliyoiona mimi peke yangu. Ya saba ilikubali. Leo nimepanda basi nimeishika kama yai.

"Kamwene, fundi!" akaniamkia Mama Neema, jirani aliyekuja kuunganisha mikono ya masweta. Fundi! Mimi!

Tukaifunga gia. Mashine ikazunguka. Shangazi akapiga vigelegele!

Hapo mtu mwenye akili angeomba chai.

Mimi nikasikia "tik". Kadogo sana.

"Shangazi, simamisha."

"Ina nini?"

"Inalia."

"Hata goti langu linalia, baba, na kanisani nafika. Iache."

Sikuiacha. Nikawaeleza kwamba baridi ya Njombe iliigandisha upesi mno, chembe zake za ndani zikakwama kabla hazijajipanga, kama kwaya iliyokatizwa wakati watu bado wanatafuta mistari. Ukiipasha moto taratibu, zinajipanga, gia inakuwa ngumu zaidi. Nikaifukia kwenye sufuria la mchanga, juu ya mkaa wa miti ya miwati, nikafunika.

"Sasa utajuaje moto umezidi?" Mama Neema akauliza.

Swali zuri! Nikasimama. Nikafafanua kuwa nailoni haikupi dalili mapema. Inavumilia, inavumilia, kisha ikifika kiwango chake inaachia yote kwa mpigo. Nikachora sakafuni kwa chaki ya kukatia nguo. Nikairudia sehemu ya uvumilivu. (Walikuwa wananisikiliza! Sijazoea kusikilizwa.)

"Fundi, mbona kunanuka nywele zilizoungua?"

Nikafunua. Gia hakuna. Kuna andazi la mchanga.

Shangazi akalitazama. Kisha akasema kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza:

"Baba, ilikuwa inafanya kazi."

(Angenipiga, ningepona.)

Basi tukakaa kufuma kwa mkono, sisi watatu, mimi kichwa chini. Nikapewa mkono wa kushoto wa sweta la mtoto wa darasa la kwanza. Nimeufumua mara nne, kwa sababu mstari wa kwanza haukunyooka.

Shangazi alivumilia. Akavumilia. Sasa hivi amenipokonya sindano, ndiyo maana nina nafasi ya kuwaandikia.

Naombeni msinicheke. Na kitu kikikubali, kunyweni chai.