Ng'ombe Wasioendana na Pichi

Magole, Kilosa.

Kwako mkwe wetu mtarajiwa, Mzee Casmir, Tindiga.

YAH: RANGI YA NG'OMBE WA MAHARI

Shikamoo mzee wangu. Naamini malisho yapo na nyumba nzima inaamka salama. Mimi ni Agness, shangazi yake Jenipher na mwenyekiti wa kamati ya rangi ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga nyumbani. Ng'ombe mliotuletea Jumamosi wamefika, wamenona, na kuhusu idadi hatuna neno. Neno letu ni rangi.

1. Sare yetu ni pichi iliyopoa, ambayo Jenipher tulijua kaitoa kwenye simu, kama papai linaloanza kuiva bila kujivuna. Kamati ilibishana wiki nzima kutafuta rangi za kuendana nayo, ikapitisha maziwa, udongo na kijani kilichofifia. Nyeusi haimo kwenye muhtasari.

2. Yule wa mabaka meusi na meupe ndiye kinara wa uharibifu. Mpiga video ametuambia kila atakapogeuza kamera, ng'ombe huyo atakuwemo, na pichi yetu itaonekana imechuja.

3. Wifi yangu Coletha alishauri tumfunike kitenge. Tulimfunika. Sitaki kueleza zaidi, ila kitenge kilikuwa cha Coletha.

4. Kwa heshima zote, tunaomba mtubadilishie: mlete wa udongo na wa maziwa, wenye pembe za kiasi. La sivyo tutawarudisha. Najua kurudisha ng'ombe ni kuvunja uchumba, na Jenipher tangu asikie hilo hali wala hasemi nami, mtoto niliyemlea mwenyewe. Inaniuma sana. Lakini mchumba mwingine hupatikana. Picha za sendofu hupigwa mara moja.

Nisalimie Mama Jovin na wote hapo nyumbani. Mchumba wetu, mwanao Jovin, mwambie asivunjike moyo, yeye anaendana na kila kitu.

Wako katika kutafuta maelewano,
Agness

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Jenipher amefungua kinywa. Anasema pichi hiyo hakuitoa kwenye simu. Aliiona kwenye pua ya yule wa mabaka, siku Jovin alipomwonyesha mifugo yenu. Sikuamini. Nimekwenda na kipande chetu cha kitambaa, nikakisogeza puani mwake: ndiyo yenyewe, hata fundi asingetofautisha. Nilipogeuka kumwita Coletha aje aone, ng'ombe akakila. Kwa hiyo mzee wangu, msimfuate. Ndiye sampuli pekee iliyobaki, na Jumatatu tunakwenda naye dukani Kilosa kununua kitambaa.